Magogo ya Rafu ya Chini

Ilipaswa iwe imekufa yote. Mtafiti aliinama kwenye hadubini, akaangalia, akainuka, akapangusa macho kwa mkono wa koti lake jeupe, akainama tena. Minyoo ndani ya kisahani ilikuwa inajinyonganyonga kama kawaida yake, tena kwa raha zake, utadhani dawa aliyoimwagia jana ilikuwa maji ya kuoga.

"Nyie mna wazimu," aliiambia.

Mtu anayesemezana na minyoo msimcheke sana. Ndiyo kazi yake, na ameifanya mpaka nyumbani kwao na kazini wamempachika jina la Mama Minyoo, naye ameitika. Tena siyo minyoo ya tumboni hii. Hii ni ya misonobari, myembamba hata macho hayaioni, lakini ikizaana ndani ya mti huziba njia za maji, na mti mrefu kuliko nyumba hukauka umesimama, majani yote rangi ya kutu. Kutoka mti huu kwenda ule haijiwezi. Inabebwa na mbawakawa mmoja, mdudu mwenye papasi ndefu kichwani, anayetaga mayai kwenye gogo bichi au kwenye mti unaokufa. Watoto wake wakiota mabawa wanaruka zao, minyoo imo mwilini mwao, wanakwenda kutafuna matawi ya mti mzima, na habari ya mti huo imekwisha.

Sasa, minyoo ya kisahani hiki ilikuwa imetoka kwenye misonobari ya nyuma ya nyumba ya mama yake mzazi. Hapo ndipo palipouma.

Mama aliipanda misonobari ile mwaka aliofiwa na mumewe. Alibeba maji kwa ndoo, mche kwa mche, mtoto mmoja mgongoni na mwingine akimfuata nyuma na kikopo. Wa mgongoni ndiye huyu mtafiti. Wa kikopo ni kaka yake, ambaye alikua akawa fundi wa kudunga miti sindano. Anatoboa shina kwa drili karibu na ardhi, anapachika chupa ya dawa, na mti unainywa polepole mpaka kileleni. Yeye ndiye msimamizi wa kikosi kizima cha wadungaji wa kituo kile kile cha utafiti wa misitu anakofanya kazi mtafiti, na miti ya mama yake aliidunga kwa mkono wake mwenyewe, hakumwachia mtu. Mti uliodungwa haukupaswa kuguswa na mnyoo. Na bado, mwanzo wa kiangazi hiki, mmoja ulianza kupiga wekundu kileleni, ukafuata wa jirani yake, kisha safu nzima ya upande wa ua.

Mkuu wa kituo, mama mmoja asiye na mchezo hata kidogo, alimsikiliza mtafiti mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo dawa haiiui."

"Haiiui, mkuu. Nimerudia na kurudia. Ni usugu."

"Usugu hauanguki kutoka mawinguni, binti yangu. Unalelewa. Mtu akiizimua dawa kwa maji ili itoshe miti mingi, minyoo dhaifu inakufa, ile sugu inabaki, inazaana yenyewe kwa yenyewe. Nani alidunga miti ile?"

Mkuu alijua vizuri nani alidunga. Kituo kizima kilijua.

"Kaka yangu."

"Basi akae nyumbani kwanza, mpaka jeni za minyoo hiyo zisomwe tujue tunashughulika na kitu gani. Ikithibitika ni mkono wake, hatashika drili tena, hapa wala kwingine. Nasikitika, lakini ndivyo."

Ungetegemea dada mtu amtetee nduguye, angalau aseme neno moja. Wapi! Alitoka pale kichwa kimemchemka, akampigia simu kaka yake akiwa bado koridoni, watu wanapita.

"Kaka, uliizimua ile dawa?"

"Mimi? Kwenye miti ya mama?"

"Jibu swali."

"Sikuizimua. Ila kuna chupa zilikuwa zinavuja. Nilizifunga kwa mpira, nikaona zimeshika. Labda hazikushika. Sijui, mdogo wangu. Nimewaza mpaka sijui tena."

"Hujui! Miti ya mama inakauka na wewe hujui! Ulikuwa umelala? Kazi ya miaka yote hiyo, na chupa inakushinda kufunga?"

Kaka mwenye maneno, anayeweza kuwavunja watu mbavu msibani, siku ile alipumua tu kwenye simu kama mtu aliyepanda mlima. Mtafiti akakata. Alijiona ana haki, kifua mbele, akarudi kwenye hadubini yake.

Ikaja Jumatatu.

Hapa lazima nieleze kidogo, vinginevyo hamtaona kilichomshika. Katika kituo kile, nyuma ya milango miwili inayofungwa kwa ufunguo, kulikuwa na chumba ambamo mtafiti alilea ukoo wake mwenyewe wa minyoo sugu. Aliulea makusudi. Alianza na minyoo ya kawaida, akaipa dawa kidogo, iliyopona akaiacha izae, watoto wakaongezewa dawa, na wajukuu hivyo hivyo, mpaka akapata kizazi kinachoogelea ndani ya dawa kali bila wasiwasi. Aliuita ukoo huo Wakaidi. Lengo lilikuwa jema kabisa: kujua ni jeni ipi inayobadilika mnyoo unapokuwa sugu, ili usugu ukijitokeza msituni ujulikane mapema. Mwaka uliopita aliwatia Wakaidi kwenye magogo ya msonobari yaliyopakwa rangi nyekundu kichwani, awaone wanavyoishi ndani ya mbao. Pembeni akaweka magogo mengine ya rangi ya buluu, yasiyotiwa kitu, ya kulinganishia tu. Kila asubuhi aliyanyunyizia maji yote, gome lisikauke.

Jumatatu hiyo alikuwa ameanza jaribio jipya. Amesimama na bomba lake la kunyunyizia, mawazo yako kwa kaka, mara tone likamdondokea kwenye kifundo cha mkono, pale glavu ilipoishia.

Akatazama juu. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka gogo la rafu ya juu, yanapita kwenye nyaya za rafu, yanadondoka kwenye gogo la rafu ya chini. Tone, halafu tone.

Akafunga bomba, akaliangalia tone lililofuata.

Kwenye vyumba vya namna ile kuna utaratibu ambao hata mgeni anafundishwa kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Kilicho safi kinakaa juu, chenye minyoo kinakaa chini. Safari hii ndivyo alivyopanga. Lakini mwaka jana? Mwaka jana mgongo ulikuwa unamuuma, na magogo mekundu ndiyo yaliyohitaji kukaguliwa kila siku. Kuinama kila asubuhi kulimtoa machozi. Kwa hiyo aliyapandisha yale mekundu rafu ya juu, usawa wa macho, na ya buluu akayashusha chini. Alijiambia gogo halina miguu. Na kweli halina. Lakini mnyoo unahitaji tone moja tu la kupanda.

"Mungu wangu," alisema, peke yake mle chumbani. "Mungu wangu, yale ya buluu."

Maana yale ya buluu hayakwenda kwenye tanuri. Sheria ni kwamba kila kinachotoka chumba kile kinachomwa humo humo kituoni, kiwe na minyoo kisiwe nayo. Lakini aliyaonea huruma. Mbao nzuri, safi, harufu yake ya utomvu tamu, ziteketezwe bure wakati mama anahangaika na kuni? Akamwambia kaka apite na pikapu, achukue yale ya buluu peke yake, ampelekee mama. Kaka akapeleka. Mama akayapanga kando ya ua, karibu kabisa na misonobari, mahali ambapo mbawakawa yeyote angeweza kuja kutaga, na akapiga simu jioni hiyo hiyo kushukuru.

Akakaa sakafuni kwenye maji.

Mngemwona alivyoinuka pale, mngesema anakwenda moja kwa moja kwa mkuu. Hata yeye alidhani hivyo. Alifika mpaka kwenye mlango, akainua mkono abishe, akaushusha. Akajiambia mtafiti hasemi jambo kabla hana ushahidi. Labda maji hayakubeba kitu. Labda kweli ni zile chupa za kaka. Kusema leo halafu kesho ikaonekana siyo, si ndiyo kujipaka matope bure? Sababu zilikuwa nyingi na zote zilionekana za mtu mwadilifu. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Akaenda ghorofa ya juu, kwa msomaji wa jeni waliyemwita Herufi, mwanamume wa makamo mwenye mashine inayovuma mchana kutwa na mdomo usiopumzika.

"Nimekuletea vichupa viwili," alimwambia. "Hiki ni minyoo ya msitu. Hiki ni Wakaidi wangu. Walinganishe."

"Unataka kujua kama ni ndugu? Unawatafutia urithi?"

"Walinganishe tu, tafadhali."

Herufi alimtazama vizuri. "Mbona umelowa?"

"Bomba limevuja."

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Alichukua tochi akamulika kila tundu la chumba, kila wavu wa dirisha, akitafuta mbawakawa, na kila kivuli kilimrukisha moyo. Aliosha sakafu ambayo ilishaoshwa. Akiwa barabarani alijikuta anaangalia miti ya watu juu ya kuta zao, akitafuta rangi ya kutu, na akiiona kwenye tawi moja anasimama katikati ya njia mpaka wapita njia wanamwambia mama, vipi, umepotea? Chakula kilimshinda. Jumanne kaka alipiga simu.

"Matokeo vipi, mdogo wangu?"

"Bado."

"Ukiyapata niambie wewe kwanza. Hata kama ni mabaya. Nisiyasikie kwa mkuu."

"Sawa, kaka."

"Nilikuwa nafikiria zile chupa. Moja nadhani niliiona inavuja tena nilipokuwa naondoka, nikasema nitarudi kesho. Sikumbuki kama nilirudi." Akacheka, lakini kilikuwa kicheko kibovu. "Mtu gani anasahau mti wa mama yake?"

Ilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Kaka, ngoja, kuna kitu. Angeweza kusema. Badala yake akasema lazima aende, kuna mtu anamwita. Hakuna aliyekuwa anamwita. Jumatano kaka hakupiga simu, wala Alhamisi, na mtafiti, niseme ukweli, alishukuru.

Ijumaa asubuhi Herufi alimwita. Safari hii alimvutia kiti akae.

"Njoo uone maajabu," alisema, akaonyesha kioo cha kompyuta, mistari miwili ya herufi imelala mmoja juu ya mwingine. "Hii ni ile jeni ya mlango, ule ambao dawa inapita kuingia kwenye neva za mnyoo. Huku juu Wakaidi wako. Herufi hii imebadilika, kwa hiyo kitasa kimebadilika, dawa inabisha haifunguliwi. Haya, huku chini minyoo ya msitu. Herufi ile ile."

"Hiyo yaweza kutokea yenyewe," mtafiti alisema haraka. "Dawa ikizimuliwa, msituni, inaweza kutokea."

"Inaweza. Lakini angalia mbele kidogo. Wakaidi wako wana hiki kipande kilichojirudia mara mbili, na herufi tatu zimeliwa katikati. Kovu lao wenyewe, sijaliona kwenye minyoo mingine yoyote. Na hawa wa msitu..." Alisogeza kidole. "Kovu lile lile, pahali pale pale. Mama Minyoo, hawa siyo ndugu tu. Ni nyumba moja. Umewatoa kwenye kisahani kimoja ukanijaribu, au?"

"Hapana. Wametoka nyumbani kwa mama yangu."

Herufi alifungua mdomo aseme la kuchekesha. Kisha akaufunga.

Safari hii hakusimama mlangoni. Aliingia kwa mkuu bila kubisha, akasema yote, rafu, maji, magogo, pikapu, akayasema amesimama, kijasho chembamba kinamtoka mgongoni. Mkuu hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kaka arudi kazini Jumatatu, chumba kifungwe leo hii, na kuhusu yeye watazungumza akishatulia, maana kwa sasa hajui aseme nini asije akajuta. Mtafiti akamkabidhi funguo, akaenda kwa kaka.

Alimkuta uani kwake, ameifungua drili yake vipande vipande juu ya gunia, anaipaka mafuta kana kwamba anaiaga.

"Siyo wewe," alimwambia kabla hata ya salamu. "Kaka, siyo wewe. Ni mimi." Akamweleza.

Kaka alisikiliza na kitambaa cha mafuta mkononi. Alipoelewa, uso wote ulimlegea, akajifunika kwa mikono ile ile michafu, mabega yakamtikisika. "Siyo mimi," akasema. "Siyo mimi. Alhamdu... sijui hata niseme nini. Siyo mimi!" Akacheka, akalia, madoa ya mafuta yamemjaa mashavuni. Kisha akatulia. Kitu kilikuwa kimempitia kichwani.

"Ulijua lini?"

"Matokeo yametoka leo."

"Sijakuuliza matokeo. Wewe ulijua lini?"

"Nilianza kushuku Jumatatu."

"Jumatatu." Kaka aliweka kitambaa chini taratibu. "Jumatano mimi nilikwenda kwa mama. Nilipiga magoti pale jikoni, mtu mzima na ndevu zangu, nikamwambia mama, nimekuulia miti yako, nisamehe. Akanishika kichwa, akaniambia miti ni miti tu, wewe ni mwanangu. Halafu akalia. Sijamwona mama akilia tangu tulipomzika baba. Na Jumatano wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nasubiri uhakika, kaka."

"Siku ya kunitukana uliupata wapi uhakika? Mbona hukuusubiri?"

Mimi sina la kumtetea. Kaka akaingia ndani, akanawa uso, akatoka na funguo za pikapu. "Panda," alisema. "Kwa mama utasema mwenyewe."

Mama alikuwa anakunja nguo zilizokauka, mezani. Alifurahi kuwaona pamoja, akaanza kuulizia wajukuu, akaona nyuso zao, akaacha. Mtafiti alisema yote kwa mara ya tatu siku ile, na mara hii ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, maana hakuna maneno ya kitaalamu ya kujifichia mbele ya mtu aliyekubeba mgongoni. Alisema ni mimi niliyeiua, mama. Kaka hakukosea hata mti mmoja.

Mama alilaza mkono juu ya rundo la nguo.

"Kwa hiyo huyu nilimsamehe kosa ambalo hakulifanya."

"Ndiyo, mama."

"Masikini mwanangu," akasema, akimwangalia kaka, na kaka akageukia dirishani. Kisha akamrudia binti yake. "Na wewe umekuja nikusamehe."

"Ndiyo, mama."

"Nitakusamehe. Ningefanya nini kingine? Lakini ngoja kwanza. Hebu niambie tena. Hao wadudu walikuwa ndani ya yale magogo yenyewe? Yale ya buluu?"

"Ndiyo. Ndiyo maana miti ya uani ilianza."

"Wote wamo mle mle? Gogo moja linatosha?"

"Moja linatosha sana. Mama, si uliyachoma?"

"Nilichoma matatu, manne. Yalikuwa mengi, mwanangu. Kuni nzuri vile nijifungie nazo peke yangu, mimi mchawi?" Mama alikaa kitini polepole. "Nilimpa fundi seremala. Nikampa mwalimu pale kona. Na yule muuguzi wa ng'ambo ya bonde, yeye nilimpa mengi, kwa vile alinihangaikia nilipoumwa. Akaniuliza hayana wadudu haya? Ana miti mingi, anaogopa. Nikamwambia usiwe na shaka, yametoka maabara kwa binti yangu, ni safi kuliko nguo zako."

Nje, ng'ambo ya bonde, misonobari ya muuguzi ilipanda kilima mpaka ikakutana na msitu mkubwa, ule usio na mwisho, ambao kituo kizima kilijengwa kwa ajili yake. Kwa umbali ule yote ilionekana kijani. Mtafiti aliitazama mpaka macho yakamuuma, tawi kwa tawi, na hakuweza kuwa na hakika.

Mama ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akajitanda khanga, akavaa viatu vyake vya kutokea.

"Twendeni," alisema. "Mimi nitawasalimia. Wewe utasema."

Walianza na muuguzi, kwa sababu ndiye mwenye miti mingi. Kaka aliendesha, mama katikati, mtafiti dirishani na mikono imebanwa kati ya magoti. Kwenye geti mama alipiga hodi. Muuguzi alitoka akipangusa mikono, akawaona, uso ukamchanua.

"Karibuni, karibuni jamani! Tena afadhali umekuja na binti yako," alisema, akimshika mtafiti mkono kwa mikono yote miwili, akianza kumvuta kuelekea nyuma ya nyumba. "Nilikuwa nataka kumuuliza jambo. Kuna msonobari wangu mmoja huku, sijui una nini."